Kuuzisha kwa Leta ni Kukopesha Leta

Kila mara promo mpya inapomaliza ku Kassapa, kuko mtu mmoja anasimama mbele ya mikro na kutuambia neno lilelile: "Musingoje kazi. Mufungue kampuni. Leta njo muteja mukubwa kupita bote." Neno hilo nimelisikia mara ine. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na nilipiga makofi. Mara ya ine nilikuwa nyuma, karibu ya mlango, na nilitoka mbele hajamaliza. Sikutoka kwa hasira. Niliona vijana wa mstari wa mbele wanaandika mu kaye zao, na nilijua kile ambacho hakuna mtu atawaambia.

Shauri lenyewe si uongo. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki njo inavunja watu. Nataka kulikosoa hapa kwa majina ya sheria na kwa hesabu yangu mwenyewe, sababu hata sisi mu chama tunalirudilia bila kuuliza maswali.

Kwanza tuone nusu ya kweli. Mji huu ulipoanza mu 1910, ukiitwa Élisabethville, hakuna mtu wa kwetu aliyeota kuuzishia serikali kitu. Ndoto ilikuwa kuingia ku Union Minière, kupata mshahara, nyumba, hospitali na bunga ya kila mwezi. Kisha ikaja Gécamines mu 1967, na ndoto ikabaki ile ile. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU aliandika historia ya familia hizo, na kitabu chake alikiita Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa ile iliyoitwa départs volontaires. Sisi ni watoto na bajukuu ba bale. Kutoka siku ile tulijifunza kwamba kazi ya maisha haiko tena, na polepole tukabadilisha ndoto: badala ya baba, tukatafuta muteja.

Na muteja huyo ni mkubwa kweli. Mu 2015 Katanga ilikatwa vipande vine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila jimbo lina gavana, baministre, bunge na biro zake. Kila biro inaomba meza, karatasi, mafuta ya motokari, matengenezo ya kompyuta, hata chai na mikate ya mkutano. Mtu atauzisha vitu hivyo. Juu ya nini asiwe kijana wa hapa, mwenye diplome?

Sheria nayo haitufungii mlango. Sheria n° 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya marchés publics inahusu serikali ya Kinshasa, majimbo, na hata miji na communes. Nimeisoma yote, na ninasema wazi: ni sheria nzuri. Inataka kila mtu awe huru kuingia, wote wapimwe sawasawa, na mambo yafanyike mbele ya macho ya watu. Inasema zabuni ya wazi, ile tunaita appel d'offres, njo kanuni, na gré à gré ni ya mambo ya pekee tu. Kuko ARMP ya kusimamia kanuni na kusikiliza malalamiko, kuko DGCMP ya kuchungua, na kila mamlaka inayonunua inapaswa kuwa na cellule yake. Ukifika ku Guichet Unique na karatasi zako, unapata RCCM, Id. Nat. na namba ya kodi. Si mbingu, lakini inawezekana. Sisi tuliweza.

Sasa nusu ingine.

Mwanzo wa 2023, mimi na rafiki yangu wa promo tulipata soko yetu ya kwanza ku biro moja ya Leta ambayo sitaitaja. Ilikuwa soko ndogo. Waliomba devis kwa watu watatu, na yetu ilikuwa ya bei ya chini. Hatukumjua mtu, hatukutoa kitu. Rame 300 za karatasi, toner 20 na imprimante mbili. Facture yetu ilikuwa franka 8,200,000. Dola moja wakati ule ilikuwa karibu franka 2,050, kwa hiyo facture ilikuwa na nguvu ya dola 4,000. Vitu tulivinunua kwa dola, sababu hapa mjini vitu hivyo vinanunuliwa kwa dola, na vilitugharimu 3,400. Ndani ya zile 3,400, dola 1,500 zilitoka mu likilimba ya mama yangu. Ilikuwa zamu yake, na alitupa yote. Tulihesabu faida ya dola 600. Rafiki yangu alishaanza kutafuta nyumba ya kukodi Bel-Air kwa ajili ya biro yetu.

Tulipeleka vitu mu mwezi wa pili. Walitupokea vizuri, wakahesabu, wakatia kashe na sahihi. Papa mmoja wa pale alituambia, "Bana yangu, mumefanya kazi muzuri. Mwezi huu bitalipwa." Sidhani alikuwa anatudanganya. Nafikiri naye alikuwa anaamini.

Mwezi wa tatu: "Rudieni juma ijayo." Mwezi wa tano: "Dosie imepanda." Mwezi wa saba: "Dosie imeshuka, kuko sahihi moja inakosa." Mwezi wa tisa papa yule alihamishwa, na yule aliyekuja nyuma yake alituuliza, "Ninyi ni banani? Ile dosie iko wapi?" Mwezi wa kumi na moja, huissier alitufuata paka ku barabara na kutuambia kwa sauti ya chini kama kuko mtu anaweza kusukuma.

Na hapa nitasema kitu ambacho wengi tunafanya na hatuandiki. Mu mwezi wa kumi na mbili tulitoa dola 200. Hatukutoa ili tupate soko. Soko tulishalipata kwa haki, mbele ya devis tatu. Tulitoa ili tupate pesa zetu wenyewe. Hata hivyo tulingoja miezi tano ingine.

Tulilipwa mu mwezi wa tano wa 2024, franka 8,200,000, kamili, hakuna hata moja iliyokosa. Dola siku ile ilikuwa karibu 2,800. Gawanya mwenyewe: dola 2,928. Toa zile 200. Tuliuzisha vitu vya dola 3,400 na tukarudia nyumbani na 2,728. Ku karatasi ya Leta, deni limelipwa lote na hakuna mtu aliyetukosea. Mu mfuko wetu, tulilipa karibu dola 670 kwa ajili ya kupata heshima ya kuwa fournisseurs, bila kuhesabu transport ya miezi 15.

Sijaandika hii ili munionee huruma. Nimeandika ili tuone mahali penyewe panapouma, sababu ninaona tunatafuta ugonjwa mu mguu ambao si wenyewe.

Tunapozungumza juu ya masoko ya Leta, sisi basomi tunapiga kelele juu ya mlango wa mbele: nani alipewa, kwa zabuni au kwa gré à gré, alikuwa ndugu ya nani. Haki yetu. Mu 2020 nchi nzima ilifuata ku televizyo kesi ya Vital Kamerhe juu ya nyumba za préfabriqué za ule mpango wa siku 100, mahakama ikikaa mu gereza ya Makala. Alihukumiwa miaka 20 mu mwezi wa sita wa mwaka ule, na mu mwezi wa sita wa 2022 Cour d'appel ikamwachilia. Kila mtu anaweza kuwa na mawazo yake juu ya hukumu hizo mbili. Lakini toka kesi ile, neno gré à gré linajulikana hata na bamama wa soko, na kila mtu anajua kuuliza: soko hii ilitolewa namna gani?

Swali ambalo hatujajifunza kuuliza ni lingine: soko hii imelipwa lini, na nyuma ya nani?

Angalieni njia ya pesa. Sheria ya fedha za Leta ya 2011 inajulisha hatua ine ambazo kila matumizi yanapita: engagement, liquidation, ordonnancement, paiement. Kwa maneno ya nyumbani: Leta inajifunga kwamba itanunua, kisha inahakikisha deni ni la kweli na ni kiasi gani, kisha mkubwa anatoa amri ya kulipa, mwisho mwenye kulinda sanduku anatoa pesa. Hatua hizo si mbaya. Zimewekwa ili mtu mmoja asiweze kujilipa peke yake. Lakini kila hatua iko na biro yake, kila biro iko na mlango wake, na ku kila mlango kuko foleni ambayo mwenye kuuzisha haioni. Ku benki unaona watu wako mbele yako, ku fontaine unaona bidons zimepangwa. Hapa huoni kitu. Hujui kama uko wa tatu ao wa mia tatu, na hujui kama yule aliyefika jana amepita mbele yako.

Foleni isiyoonekana inageuka kuwa soko ya pili. Mu soko hiyo hawauzishi karatasi wala toner, wanauzisha nafasi. Ile tunaita opération retour, madesu ya bana, matabishi, kwa sehemu kubwa inazaliwa pale. Watu wanafikiri fournisseur anatoa asilimia yake sababu anataka kuiba pamoja na wakubwa. Kuko wa namna hiyo, sikatai. Lakini kuko pia kijana ambaye mama yake anaulizwa na bamama benzake wa likilimba kila siku ya Mungu, na atatoa chochote ili atoke mu haya ile.

Kutoka hapo nilielewa neno ambalo nimeweka ku kichwa cha andiko hili. Mwenye kuuzishia Leta anaikopesha Leta. Leta inachukua vitu leo, inalipa siku inayopenda, kwa franka ambayo imepoteza nguvu, bila faida yoyote ya deni. Hakuna benki ya Lubumbashi ingekubali mkopo wa namna hiyo. Lakini sisi, vijana wawili na likilimba moja, tuliukubali, tena tulipiga picha siku tulipotia sahihi. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Kwetu Leta ndiyo ilikopa, na matanga yalikuwa ya mwenye kukopesha.

Na kama kuuzisha ni kukopesha, basi yule anayeshinda hapa si mwenye bei muzuri ao mwenye akili. Ni mwenye kuweza kungoja. Ni mfanyabiashara mwenye makontena ku njia, mwenye pesa ya kulala mwaka na nusu bila kuumia, ao mwenye ndugu anayeweza kufanya asingoje. Zabuni inaweza kuwa safi kama maji, lakini ikiwa malipo yanachukua miezi 15, zabuni ile ilishachagua matajiri mbele ya kufungua bahasha ya kwanza. Sheria ya 2010 inatuita sawasawa ku mlango wa kuingilia. Kungoja kunatutenganisha ku mlango wa kutokea.

Kuko na jambo la pili. Yule mwenye kuweza kungoja si mjinga. Kungoja anakuweka mu bei. Rame ya dola 5 anaiandika 9, sababu hajui atalipwa lini na franka itakuwa wapi. Kisha sisi wananchi tunaona bei hiyo na tunasema: wezi! Sehemu ni wizi, ndiyo. Sehemu ni bei ya woga. Na bei ya woga inalipwa na kodi ya mama anayeuzisha makala kule Katuba.

Najua jibu litakalokuja: "Jimbo halina makuta." Ni kweli, na sitaki kulidharau. Katiba ya 2006, ku article 175, inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na inasema ikatwe palepale inapopatikana. Kila mtu anajua haifanyiki vile: pesa inapanda Kinshasa na inashuka kwa jina la rétrocession, kidogo na kwa kuchelewa. Kwa hiyo jimbo nalo linangoja. Kinshasa inangojesha jimbo, jimbo linangojesha fournisseur, fournisseur anangojesha mama yake.

Lakini tuwe waangalifu. Ukosefu wa pesa unaeleza juu ya nini tunachelewa kulipwa. Haielezi nani analipwa wa kwanza. Kama sanduku lina pesa ya factures tatu na factures ziko kumi, ni zipi tatu zitalipwa? Swali hilo halihitaji hata dola moja ili lijibiwe. Linahitaji kanuni na karatasi.

Tutazame pia kwa majirani. Kenya, nchi, si commune yetu ya Kenya, ilianza mu 2013 kuwa na serikali za kaunti 47, kila moja inanunua vitu vyake. Walienda mbali kuliko sisi: utaratibu wao unatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vijana wenzetu waliingia kwa wingi. Na katikati ya 2024, madeni ambayo kaunti hazijalipa yalikuwa yamepita shilingi bilioni 150. Kwa hiyo kufungua mlango peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kuingia na akafungiwa ndani.

Hata hivyo kuko kitu kimoja ninachowaonea wivu. Kule, msimamizi wa bajeti anatangaza madeni hayo, kaunti kwa kaunti, na namba yake. Deni lenye namba linaweza kubishaniwa mu bunge, gazeti linaweza kuliandika, gavana anaweza kuulizwa siku ya uchaguzi. Deni langu, mu miezi yote ile 15, sikuliona mahali popote paka ndani ya dosie moja ya rangi ya kijani, siku ambazo dosie ilikuwa inaonekana.

Sasa tujikosoe na sisi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na mpango wa biashara wa kurasa 22, na grafiki za rangi. Hakuna hata ukurasa mmoja uliouliza "lini". Hatukuuliza kama matumizi yale yalikuwa na mstari mu bajeti ya mwaka ule. Tulinunua kwa dola na tukaandika facture kwa franka, bila neno moja juu ya kupanda na kushuka. Hatukuomba acompte, tuliona haya, tulifikiri kuomba ni kuonyesha kwamba sisi ni maskini. Tulikuwa maskini! Na mu seminari zetu tunafundisha namna ya kufungua kampuni, siku tatu nzima, na cheti ku mwisho. Hatufundishi namna ya kuishi mpaka kulipwa.

Kwa yule kijana wa mstari wa mbele, shauri langu ni fupi. Mbele ya kutia sahihi, jiulize: kama hawatanilipa mwaka mzima, nani atalala njaa? Kama jibu ni mama yako, usiuzishe. Ungana na wengine watatu, wane, muchukue soko ndogo, muombe acompte bila haya. Ao tafuta muteja mwingine: sheria ya 2017 juu ya sous-traitance imewekea kampuni zenye mtaji wa Wakongomani wengi nafasi ku makampuni ya binafsi, pamoja na mines. Lakini hata kule, uliza lini.

Na kwa chama chetu ninaleta maombi mawili. La kwanza, tuanze kaye moja. Kila mwanachama aliyeuzishia Leta aandike ndani yake tarehe ya kupeleka vitu, tarehe ya kulipwa, kiasi, na dola ilikuwa ngapi siku zile mbili. Bila majina ya watu, bila majina ya biro, ili hakuna anayeogopa. Kisha mwaka mmoja, tupeleke kaye hiyo ku bunge la jimbo. Haitakuwa kelele. Itakuwa hesabu, na kuhesabu njo kitu tulichosomea.

La pili, tuombe kila biro inayonunua ibandike ku mlango wake orodha ya factures, kwa namba, kufuata siku zilivyofika, na zile zilizolipwa zipigwe mstari. Haitaleta pesa ambazo haziko. Lakini nikirudi pale nitaona niko wa arobaini na mbili, na kesho yake nitaona kama wa hamsini amenipita.

Rafiki yangu yuko Kolwezi sasa, ameandikwa kazi, hataki kusikia neno kampuni. Mama yangu tulimlipa kidogo kidogo, na zamu yake ya pili ya likilimba imeshafika. Hakunipa. Simlaumu.

Wakisema hakuna karatasi ya kubandika orodha, watuite. Rame iko na 500. Hiyo ya kwanza tutaileta bure.